Bia ya Korongo na Mtungi wa Nyirasafari

Padri alikuwa akihubiri kwamba kisasi ni cha Mungu. Mama mkubwa wangu, Nyirasafari, alikuwa akikaa benchi la mbele na kuitikia amina kama wenzake, halafu tukishatoka nje ananishika mkono na kuniambia, "Mungu iko na kazi mingi, Mukantwari. Ile ya kidogo-kidogo tumusaidie."

Mimi ndiye Mukantwari, mtoto wa mdogo wake. Miaka ile ya hamsini nilikuwa nauza ndagala kavu katika soko la Gisenyi, na meza yangu ilitazamana na duka la Hitimana, kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuletewa na mtu. Wapo wanaoyasimulia huku wakimwonea huruma Hitimana. Wao waseme yao. Mimi huruma yangu niliitumia mahali pengine.

Nyirasafari alipika pombe ya ndizi. Mume wake alikuwa mpiga makasia, ziwa likamchukua, akabaki na binti mmoja, Donatha, na kofia moja nyeusi ya kizungu ambayo marehemu aliivaa Jumapili. Kofia ile mama mkubwa aliivaa juu ya kitambaa cha kichwa kila siku, mvua na jua, na kwenye pembe ya kushoto ya mdomo alining'iniza kiko cha tumbaku. Ukisikia mtu anasema "yule mama wa kofia", hukuuliza ni yupi. Nyumba yake ilikuwa Mbugangari, njiani kuelekea barrière ndogo, kizuizi cha mpakani, na kila mchukuzi aliyepita na mzigo wa kuvusha Goma alijua kivuli cha ukuta wake.

Ndizi zake alizifukia shimoni mpaka ziive, akazikamua kwa nyasi, maji yake akayatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika na kungoja. Hakuwa na haraka hata siku moja. Wakulima wa Bugoyi walishuka na viazi, njegere na tumbaku, wakauza, kisha wakaenda kwake kukaa. Harusi isiyokuwa na mtungi wake watu waliisema mwaka mzima. Kwa mitungi hiyo alimlea Donatha, akamsomesha kwa masista mpaka akajua kushona, akampatia mchumba wa heshima: Phocas, mtoto wa Twagirimana, mkulima wa tumbaku huko Kanama. Posa ilikwisha kupokelewa. Walibaki kungoja mavuno ya kahawa ndipo waoane.

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa wale ambao hawakulelewa kwetu. Kwetu pombe haipokelewi hivi hivi. Mwenye pombe huonja kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Asipoonja, huna wajibu wa kuigusa, na wala hakuna atakayekulaumu. Lakini akishakuonjea, ukakataa, umemwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mtu wa sumu. Neno hilo halifutiki kwa samahani. Ziko koo mbili ninazozijua ambazo mpaka leo haziombani moto, kwa sababu ya mrija uliokataliwa.

Sasa Hitimana. Huyu alikuwa karani katika ghala la kahawa, mtu wa tai na kalamu kifuani. Harusi yake mwenyewe ilinyweshwa na mitungi ya mama mkubwa, na nakumbuka alivyocheza usiku ule mpaka kiatu kikamtoka. Baadaye alifungua duka sokoni, kisha akapata uwakala wa bia ya chupa, Bia ya Korongo, iliyokuja kwa makreti kutoka ng'ambo ya mpaka. Kampuni ilimpa vibao vya bati vyenye picha ya korongo amesimama kwa mguu mmoja. Ikampa pia kamyoneti, gari dogo la mizigo, lenye baragumu la umeme juu ya paa, la kupigia kelele watu mpaka wasadiki. Na ikamwambia, nadhani, kwamba mkulima akishalipwa kahawa yake pesa anazipeleka mtungini, na kazi yako wewe Hitimana ni kumtoa huko.

Vibao vya bati watu walivisifu wakaendelea na mtungi. Ndipo Hitimana akamleta mchoraji kutoka Goma.

Mchoraji yule alikaa kwa mama mkubwa mchana mzima, anakunywa na kumtazama. Mama mkubwa akadhani amependwa, akacheka, hata akamwongezea kibuyu. Kesho yake kijana akapanda ngazi ukutani kwa Hitimana, ukuta unaotazama soko, ule uliokuwa mbele ya uso wangu. Upande wa kulia akachora glasi ya bia inayong'aa na bwana wa tai anatabasamu. Upande wa kushoto akachora mtungi mweusi, nzi juu yake mkubwa kama kuku, funza wanatoka mdomoni mwa mtungi, na nyuma ya mtungi amekaa mwanamke mwenye kofia nyeusi ya kizungu, kiko pembe ya kushoto ya mdomo. Chini yake maneno: ACHA UCHAFU. KUNYWA KORONGO. Wengi hawakujua kusoma na hawakuhitaji.

Soko zima lilicheka. Sisemi uongo, hata wale aliowakopesha mtama wakati wa njaa walicheka. Mimi niliacha ndagala zangu nikakimbia kumwita.

Alikuja na kofia yake na kiko chake, akasimama mbele ya ukuta, yeye na picha yake wakatazamana. Kisha akaingia dukani. Hitimana alikuwa na wateja.

"Hitimana, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "ile pale ukutani iko nani?"

"Iko reklame tu, mama. Ni tangazo ya kampuni. Picha haina jina."

"Basi toa kofia. Ile kofia ni ya marehemu. Mi unichore unavyotaka, lakini yeye hakukukosea."

Hitimana aliwatazama wateja kwanza, akaona wanangoja aseme nini. "Bon, mama," akasema, "kofia ni ya kila mutu. Kama haupendi reklame yangu, na wewe fanya yako."

Wakacheka tena. Mama mkubwa akatoka. Alikwenda kwa mkubwa wa mtaa, naye akamwambia mambo ya kampuni hayamhusu. Akarudi nyumbani na kupika kama kawaida, ila wakulima sasa walipita mbele ya ukuta wake wakitazama upande wa pili, na wale wachache waliokaa walichungulia ndani ya kibuyu kabla ya kutia mrija. Jambo hilo ndilo lililomwuma kuliko kicheko. Mtu aliyekunywa kwako miaka kumi anachungulia funza!

Halafu akaja mshenga kutoka Kanama. Aliongea kwa adabu sana, kama wanavyoongea watu wanaoleta ubaya. Twagirimana anasalimia. Twagirimana anaheshimu. Lakini harusi ni watu, na watu watasema, na Twagirimana hawezi kuwakalisha wazee wake mbele ya mtungi uliochorwa sokoni. Posa basi ikae kwanza. Donatha alikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia akikaa chini kwa kishindo.

Phocas mwenyewe alikuja siku chache baadaye, kwa siri, akamkuta Donatha kwenye shamba la maharage. Akamwambia amngoje, atamwelewesha baba yake. Donatha alinieleza hayo uso wake ukiwa umevimba kwa kulia. Alimpenda yule kijana. Sisemi kwa kukisia, alinitamkia kwa mdomo wake.

Mama mkubwa hakulia. Alitoa kiko mdomoni, jambo ambalo hakulifanya bure, akasema, "Ile picha Hitimana ataifuta na mukono yake mwenyewe. Na pombe yangu ataikunywa, wakulima wote wanaangalia. Kama sivyo, munizike bila kofia."

Nilifurahi niliposikia hivyo. Nilikuwa nimechoka kutazama ukuta ule kila asubuhi nikipanga samaki.

Kahawa ilipoanza kulipwa, Hitimana alitangaza siku ya kuonja bure. Kila mkulima atapewa glasi ya Korongo, bila malipo, mbele ya duka. Kwa kutangaza alimwajiri Fundi Faradji, mshonaji wa Mbugangari, jirani wa mama mkubwa. Faradji alikuwa Mwislamu wa familia za wafanyabiashara wa zamani, mtu mpole wa kofia nyeupe, na Mungu alimpa sauti ambayo ukiisikia unasimama hata kama una haraka. Alikuwa akinadi vitambaa masokoni, na wakulima wa milimani walimjua na kumwamini. Hitimana hakukosea kumchagua. Alikosea mahali pengine. Alijua desturi ya kuonja sawa na sisi, lakini alijiambia kwamba hiyo ni desturi ya mtungi. Chupa imefungwa kiwandani kwa kizibo cha chuma, nani atadai ionjwe? Tai ilikuwa imemkaza shingo mpaka damu haipandi kichwani.

Habari hizo za Faradji kuajiriwa nilimpelekea mimi mama mkubwa. Alivuta kiko.

"Faradji hakunywaka," akasema.

"Ndiyo, mama. Tangu kuzaliwa."

"Basi nani ataonja?"

Alikwenda kuchagua kibuyu.

Siku yenyewe soko lilijaa mpaka njia ya ziwani. Kamyoneti iliegeshwa chini ya ule ukuta wa picha, Hitimana amekaa ndani ya kabini na kioo kimeshushwa, kama gavana. Faradji alisimama nyuma, kwenye bodi, ameshika chombo cha kusemea, na sauti yake ikatoka kwenye baragumu ikavuka soko mpaka kwenye mitumbwi.

"Wakulima wa Bugoyi! Mumelima, mumevuna, sasa mupumzike! Bia safi, bia ya chupa, bia ya Korongo! Leo hakuna bei, leo ni karibu tu!"

Wakulima wakasogea. Vijana wa duka walifungua chupa na kumimina glasi, povu likasimama vizuri, siwezi kukana. Twagirimana wa Kanama alikuwa mstari wa mbele, na wazee wenzake, mkono tayari umenyooka.

Mama mkubwa alikuwa amekaa mbele ya wote, kwenye kigoda, kofia kichwani, moja kwa moja chini ya picha yake. Watu walikuwa wakimtazama yeye, wakiitazama picha, wakibana midomo. Kijana alimpa glasi ya kwanza, kwa kejeli nadhani. Hakuipokea. Alimwinulia Faradji uso na kusema kwa sauti tamu kama asali:

"Asante, Fundi. Umetukaribisha vizuri. Onja basi, utupe."

Faradji alishusha chombo. "Mama Donatha, mi sikunywaka. Unajua."

"Najua, baba. Donc nani anatuonjea?"

Hakupaza sauti. Lakini mkono wa Twagirimana ulirudi kifuani kwake, na wa mzee wa pili, na wa tatu, na nikaona mikono ya soko zima ikirudi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Yewe! Ya bure, na mwenyewe hagusi?" Mwingine akasema kwamba ndiyo maana ni ya bure. Vijana wa duka wakabaki wameshika glasi, povu linalala.

Hitimana alitoa kichwa dirishani. "Faradji! Onja kidogo tu! Lowesha mudomo, ni nini?"

Alidhani anamnong'oneza. Lakini Faradji alikuwa amekishikilia chombo karibu na kabini, na maneno hayo yakatoka kwenye baragumu: lowesha mdomo, ni nini. Waislamu wa Mbugangari waliokuwa sokoni waligeuka wote, wauza vitambaa, wachukuzi, mafundi. Faradji alimtazama Hitimana. Nilimwonea uchungu, kwa maana yeye hakuwa na kosa, na mama mkubwa alijua kabisa anamweka kwenye moto. Alimtumia, basi. Mwenye hasira hachagui kuni.

"Bwana Hitimana," Faradji alisema, "ulinunua sauti yangu. Mudomo sikukuuzia."

Akashuka kwenye kamyoneti, akakiweka chombo juu ya boneti, akaweka sawa kofia yake nyeupe, na watu wakampisha njia kwa heshima.

Sasa Hitimana hakuwa na budi kutoka. Alitoka anacheka, cheko la meno matupu, akanyakua glasi, akaiinua juu ili wote waone, akainywa yote. Akanywa ya pili. Akafuta mdomo. "Muliona? Muko naogopa nini? Iko safi!" Na kweli watu walilegea, na Twagirimana akaanza tena kunyoosha mkono. Hitimana alitabasamu kama yule bwana wa ukutani. Masikini alidhani yamekwisha.

Mama mkubwa alisimama. Kutoka chini ya kitenge chake alitoa kibuyu kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, na mrija mpya ndani yake. Akatoa kiko mdomoni. Akanywa mwenyewe, polepole, koo lake likionekana linavyomeza, akapangusa ncha ya mrija kwa kiganja, kisha kwa mikono miwili, kwa heshima zote anazopewa mkwe, akamnyooshea Hitimana.

"Umetupa yako, mwanangu. Pokea na yangu. Nimeonja."

Hitimana alitazama kibuyu. Juu ya kichwa chake mwenyewe kulikuwa na mtungi uliochorwa kwa amri yake, na nzi wake, na funza wake. Akikataa, amemwita mjane mtu wa sumu mbele ya wateja wake wote, na hakuna hata mmoja atakayenunua chumvi kwake kesho. Akinywa, amekunywa uchafu aliowakataza wengine kwa rangi ya mafuta. Jasho lilimshuka chini ya tai.

"Mama, baadaye," alisema kwa sauti ndogo. "Niko kazini."

Twagirimana ndiye aliyesema, mzee yule yule aliyeisimamisha posa. "Hitimana. Mwanamke amekuonjea."

Akapokea. Akavuta kidogo.

"Kuna funza?" mama mkubwa akamwuliza.

"Hapana."

Kile chombo kilikuwa bado juu ya boneti, mbele yake, hakijazimwa. Hapana ikatoka kwenye baragumu la kampuni ikaenda mpaka ziwani, na mvuvi mmoja alinihakikishia kwamba waliisikia wakiwa majini. Soko lililipuka. Watu walishikana mabega. Nilicheka mpaka nikaangusha sinia la ndagala, na sikuinama kuziokota.

"Kunywa yote," alisema mama mkubwa. "Kwetu hatubakizi."

Alikunywa yote. Alipomaliza, mama mkubwa alipokea kibuyu chake, akakipindua watu waone hakuna tone, akauonyesha ukuta kwa kidevu. Hitimana aliagiza chokaa. Kijana wa duka aliileta na burashi, akataka kupanda ngazi, na wakulima wakapiga kelele, "Mwenyewe! Mwenyewe!" Akapanda mwenyewe, na tai yake na viatu vyake. Alianza na funza. Mama mkubwa akamwambia aanze na kofia.

Mwezi haukuisha kampuni ikachukua kamyoneti yake ikampa mtu mwingine. Hitimana alibaki na chumvi na kiberiti, na watoto waliopita mlangoni pake waliuliza kama kuna funza. Mimi niliwasikia na sikuwakataza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Basi na auonje uchungu wake.

Laiti ingeishia hapo ningekuwa mtu wa furaha. Kama ningekuwa natunga, ningeishia hapo.

Kabla ya kahawa kumalizika, Twagirimana alishuka kutoka Kanama na wazee wawili, na Phocas nyuma yao amebeba mtungi. Walikuja kuomba posa iendelee. Kijana alikuwa ametimiza ahadi yake, alimsumbua baba yake mpaka mzee akakubali kuja kujishusha. Waliketi. Twagirimana alionja, akapangusa mrija, akamnyooshea mama mkubwa kwa mikono miwili.

"Mutungi wangu ulipotukanwa," mama mkubwa alisema, bila kupokea, "wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikosa, mama. Njo maana nimekuja."

"Uliangalia ukuta, hukuniangalia mimi."

"Nilikosa," alirudia mzee, na mikono yake bado imenyooka.

Donatha alikuwa mlangoni, hakujificha tena nyuma ya pazia. Alivaa gauni lake la bluu. Alimtazama mama yake kwa macho ambayo hata mtoto wa jirani angeyasoma. Nami nakiri nilikuwa na moto wa lile soko bado kifuani, na moyoni nilisema, usipokee, mama, usipokee, wao pia wanywe aibu.

Mama mkubwa aliinuka, akauchukua mtungi wao, akaumimina wote kizingitini. Pombe ilipita chini ya viatu vya Phocas ikatoka uani.

"Mwende mukanywe Korongo," akasema.

Vigelegele nilivipiga mimi. Hakuna aliyeniitikia. Wazee waliondoka bila kuaga, na Phocas aliondoka wa mwisho, mkono mtupu. Donatha hakulia, hakugombana. Alifagia kizingiti mpaka pakakauka, na tangu siku hiyo alimjibu mama yake kwa ndiyo na hapana. Mvua za kwanza zilipoanza alivuka barrière na cherehani yake kichwani, akapata kazi Goma kwa mshonaji wa mashati. Mama mkubwa alisema atarudi. Alisema hivyo kila Jumapili, kwa sauti inayopungua.

Habari za harusi zililetwa na Fundi Faradji, ambaye alikwenda Goma kununua nyuzi. Donatha anaolewa na dereva wa lori, mtu mzuri, Mkristo. Mnakaribishwa. Mama mkubwa hakuuliza kwa nini binti yake ametuma habari kwa mdomo wa jirani. Aliamka, akafukia ndizi. Sijawahi kumwona akipika kwa uangalifu namna ile, mtama alichagua punje moja moja. Alikodi wachukuzi, tukavuka barrière ndogo na mitungi mitano imefunikwa majani ya mgomba, yeye mbele na kofia yake ameipiga burashi.

Tulipoingia kwenye ua wa harusi tuliona makreti. Yalipangwa ukutani mpaka juu ya vichwa vya watu, yote yana korongo amesimama kwa mguu mmoja. Mtu akawaambia wachukuzi wetu waweke mitungi nje, karibu na kuni. Hakuna aliyekuja kuifunua. Mama mkubwa alikaa mahali alipoonyeshwa, mahali pa mama wa bibi harusi, pa heshima, na alikaa wima.

Donatha alikuja mwenyewe kutoka meza kuu, na shela yake, ameshika chupa na glasi. Alikuwa mzuri, nilichukia jinsi alivyokuwa mzuri. Alimimina mbele yetu. Akanywa funda moja, akameza tukimwona, akapangusa ukingo wa glasi kwa kitambaa cha harusi, akapiga goti na kumnyooshea mama yake kwa mikono miwili.

"Nimeonja, mama," akasema.

Nilitaka kumzaba kofi. Na nilimwelewa, hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyepiga vigelegele. Wageni wote walikuwa wanatazama, wakwe, dereva na ndugu zake, wanangoja kuona kama mama atamwita binti yake mtu wa sumu siku ya harusi yake. Mama mkubwa alitoa kiko mdomoni. Akavua na ile kofia, akaiweka magotini, ambayo sikuwahi kumwona akiivua mbele ya watu, na nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

Akapokea glasi, akanywa. Donatha alibaki amepiga goti pale pale, anamtazama, mpaka glasi ikaisha.